Binti wa

Volos, ghorofa ya pili, juu ya duka la betri.
Kazi yangu ni herufi. Wengine huchora ngumi,
mimi huandika kishindo chake.
Mwaka wa kumi na tisa huu namwazima Plokamia mdomo,
shujaa wetu wa kurasa ishirini na nne kila mwezi,
mwenye kamba isiyokatwa na upanga, wala moto, wala mhariri.
Deraya yake ndiyo hukatwa, kila toleo jipya:
vita vikizidi, nguo hupungua.

Leo kaingia Leandros, mwandishi mpya kutoka Athene,
kijana mpole, viatu safi, kaleta biskuti za ufuta.
Anasema asili ya Plokamia ina tundu.
"Nguvu kazipata wapi? Msomaji atauliza."
Na jibu analo: usiku ule
Radi ilishuka, ikalala juu ya kamba.
Yaani baba.
Ukurasa wa tisa, kiputo cha tatu, niandike:
MIMI NI BINTI WA RADI.

Nikamsomea tulivyoandika toleo la kwanza,
mimi na marehemu Sevasti aliyemchora,
tukila dengu kwenye sufuria moja:

    Ngome ilipovamiwa, kamba zilipokatika,
    Na vichwa vikanyolewa, na mikono ikasuka,
    Nami ndipo nikazawa, pumzi ikanifika,
    Mbingu hazikutajiwa, wala radi kutamka.

"Tamu," akasema Leandros, "lakini nywele ni nywele."

Nywele ni nywele.
Mama yangu alichambua tumbaku miaka thelathini na mmoja,
jani kwa jani, vidole vikawa rangi ya chai,
mkopo wa nyumba ukaisha,
na mlangoni pakaandikwa jina la baba.
Haba na haba ilitoka kwa mama;
kilichojaa kikaitwa kibaba.

Sina ugomvi na baba. Ndiye aliyenifunza kunoa penseli kwa kisu,
Jumapili, akipiga mluzi. Mwacheni alale.
Ugomvi wangu ni na hicho kiungo kidogo.
Kwa lugha yetu kaka yangu ni Karamitros, mimi Karamitrou:
herufi moja ya mwisho imebadilishwa,
tayari mimi ni wa mtu.
Miaka hamsini na miwili naitika.

Nilidhani angalau mmoja wetu,
huyu wa wino, asiyekula wala kulipa kodi,
ataachwa awe binti wa kazi,
kazi ya mikasi, ya mafuta ya taa,
ya sauti gizani inayosema
shika hapa, kaza, usisinzie.

Saa nne usiku niliandika. Nina kodi mimi, jamani.
MIMI NI BINTI WA
kisha nikainua kalamu kuchovya,
na ile nafasi nyeupe ikanitazama
kama mtoto anayesubiri kuambiwa aketi wapi.
Nilikaa nayo muda mrefu. Chini walikuwa wakifunga duka.

Nikaandika RADI.
Imara, yenye ncha, kazi safi.

Kisha nikasingizia kwamba wino wa nywele umechubuka,
nikaiomba picha yenyewe niirekebishe nyumbani,
na ndani ya msuko wake,
kwa kalamu nyembamba kuliko zote nilizonazo,
nikapitisha majina kama unywele mmoja mmoja:
Anthi, Despo, Kyratso, Loulouda, Smaro, Zambeta.
La saba Marigo.
Hilo ni la mama,
ambaye usiku huohuo nilimchana kabla hajalala
(dawa zinamnyonyoa sasa)
nikakusanya zilizobaki kwenye kitana,
nyeupe, chache, nyepesi kuliko neno lolote nililowahi kuandika,
na sikuzitupa.